Tezi za mate zisisubiri maabara

Wengi wanaotibiwa saratani ya koo kwa mionzi hupona wakabaki na kinywa kikavu, maana mionzi huharibu tezi za mate. Kwa mtu wa Tumbe, Pemba, kwenye soko kubwa la samaki, hilo si jambo dogo. Papa mkavu hutafunika asimezeke, muhogo unataka gilasi ya maji kila tonge, na usiku ni kuamka kulowesha ulimi. Meno nayo huoza upesi, maana mate ndiyo yanayoyalinda. Tezi zenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku.

Wanasayansi wanataka kuziotesha upya. Mwaka 2013 timu ya Takashi Tsuji huko Japani ilipandikiza kwa panya tezi iliyotengenezwa maabara, nayo ikatoa mate. Groningen, Uholanzi, kikundi cha Rob Coppes kilirudisha mate ya panya waliopigwa mionzi kwa kuwapandikizia seli shina za tezi, na sasa njia hiyo imeanza kujaribiwa kwa watu.

Habari njema, ila ina sharti: kipande cha tezi hukatwa kabla ya mionzi. Tezi ikishapigwa mionzi, seli za kuotesha hubaki chache mno.

Sharti hilo linatugusa moja kwa moja. Wagonjwa wa Zanzibar kwa miaka mingi wamevuka bahari kufuata mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hufika saratani imeshasambaa. Daktari anayekimbizana na uvimbe atapata wapi nafasi ya kuweka akiba ya seli?

Kwa hiyo kazi ianzie Micheweni, wilaya iliko Tumbe, si maabara. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au uvimbe wa shingo usiopungua, upewe rufaa bila kuzungushwa. Meno yatibiwe kabla ya safari ya Dar. Na mionzi ielekezwe kwa mashine zinazoweza kuikwepesha tezi: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2011 ulikuta kwamba, baada ya mwaka mmoja, kinywa kikavu cha kusumbua kiliwapata asilimia 38 ya waliotibiwa hivyo, dhidi ya 74 waliotibiwa kwa njia ya zamani.

Wizara ikipanga bajeti ya saratani, nauli ya meli ya mgonjwa wa Pemba na msindikizaji wake ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba.