Mpe nyumba kwanza, watoto watakuja wenyewe

Leo ni zamu ya wale samaki wadogo wa tangini ambao wengi mnawalalamikia. Wanakula, wananawiri, rangi zinang'aa, lakini watoto hawaonekani ng'o! Wengine mmefikia hatua ya kutaka kumrudishia muuzaji, eti kawauzia matasa. Jamani, msiwaonee.

Chukua Neolamprologus brevis wa Ziwa Tanganyika. Ni ndugu wa sato na perege, ila dume lake halifiki hata sentimita 6, na jike ni mdogo zaidi. Kule ziwani makazi yake ni magamba matupu ya konokono yaliyolala mchangani. Bwana na bibi hujibana gamba moja. Humo ndimo wanamojificha na humo ndimo jike anamotaga. Sasa wewe umemwekea kokoto za rangi na ua la plastiki, halafu unadai watoto. Azae wapi?

Dawa ni hii. Mwaga mchanga laini uliooshwa, kina cha sentimita 5 hivi, maana anapenda kuchimba na kufukia gamba lake mwenyewe. Okota magamba ya konokono yenye ukubwa wa kumtosha, yachemshe, kisha yatawanye kona moja. Yawe mengi kuliko samaki, ugomvi wa nyumba usitokee. Nunua wadogo watano au sita, uwaache wachaguane. Ndoa ya kulazimishwa haina heri hata kwa samaki!

Maji nayo yana neno. Ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo maji ya mvua peke yake hayamfai. Kipande cha jiwe la chokaa ndani ya tangi husaidia. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27.

Haya, gamba lipo, maji safi. Bado majirani. Hapa mwenzenu niliumia. Siku moja niliona vichwa vidogo kama vya pini vikichungulia mlangoni mwa gamba. Nikaita nyumba nzima waje kuona. Kulipokucha, hakuna hata kimoja! Mchawi alikuwa ngogo wangu, aliyeshinda amejificha mchana kutwa, usiku akatoka kutafuta kitoweo. Kosa lilikuwa langu, si la wazazi wale. Walilinda mlango, lakini gizani watafanya nini mbele ya pandikizi lile?

Kwa hiyo kama tangi ni la mchanganyiko, mtoe ngogo mapema. Weka majirani wanaoogelea juu juu, kama Cyprichromis, ambaye hana haja na magamba. Jike akianza kung'ang'ania nyumbani na dume kufukuza kila apitaye, ujue mambo yameiva. Usifukuefukue! Subiri wiki moja na ushee, utawaona wenyewe. Walishe vijidudu vya artemia vilivyoanguliwa punde, au chakula kikavu ulichokisaga kama unga, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Wakizidi, wagawie marafiki. Kuwamwaga mtoni au bwawani ni mwiko, hata kama unawaonea huruma.

Jaribu, msomaji wangu. Pengine waliokuwa wakiitwa matasa walikuwa wakingoja nyumba tu. Tukutane wiki ijayo.