Chupa ya Soda Chini ya Kitanda

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatulisemi hata kwa rafiki zetu wa karibu. Nalo ni kunguni.

Nianze na kwangu. Mwanangu wa kiume alipofunga shule ya bweni alirudi na sanduku lake la bati, na ndani yake, pamoja na madaftari na shuka ambazo hazijafuliwa, alituletea wageni. Kwa majuma matatu niliwaona watoto wakijikuna usiku, nami muuguzi mzima nikasema ni mbu, ni joto, ni sabuni mpya. Siku nilipogeuza godoro na kuona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu vimejipanga kwenye mshono, jambo la kwanza nililofanya ni kufunga mlango ili jirani asinione. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kunguni si alama ya uchafu. Anafuata damu na joto la mwili, hajali kama sakafu imedekiwa. Huja na sanduku la mwanafunzi, na kochi lililonunuliwa mkononi mwa mtu, na mkoba wa mgeni aliyelala gesti njiani. Wala hajathibitika kumwambukiza mtu ugonjwa kwa kumng'ata. Akina mama huniuliza kuhusu UKIMWI. Hapana, hauenezwi na kunguni. Anachotuletea ni kukosa usingizi, vidonda vya kujikuna, na aibu. Hiyo aibu ndiyo ninayoiogopa kuliko yeye mwenyewe, maana ndiyo inayotufanya tununue dawa kimyakimya.

Mnawafahamu wale wauzaji wa hapa Dar es Salaam wanaopita na kipaza sauti: dawa ya kunguni, ya mende, ya panya, ya viroboto. Dawa yenyewe mara nyingi iko kwenye chupa iliyokuwa ya maji au ya soda. Haina karatasi wala jina. Mama mmoja ninayemfahamu, anayepanga chumba Manzese, aliinunua. Alichanganya na maji ikawa nyeupe kama maziwa, akapaka kitanda, na iliyobaki akairudisha kwenye chupa ya soda na kuisukuma chini ya kitanda. Kesho yake asubuhi alikuwa uani anakaanga maandazi. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ndani.

Alipomkuta, mate yalikuwa yanamtoka, amelowa jasho na miguu inatetemeka. Majirani walikuja kwa moyo mwema kabisa. Mmoja alimnywesha maziwa, mwingine alimtia kidole kooni atapike. Walipofika hospitali daktari aliuliza swali moja: amekunywa nini? Hakuna aliyejua. Chupa ilikuwa imeachwa nyumbani, na hata kama ingeletwa ingesema soda. Ilibidi daktari asome mwili wa mtoto wenyewe: mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kifua kinakoroma, tumbo linaharisha. Akaanza matibabu kwa kufuata dalili hizo. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, baada ya siku kadhaa za oksijeni.

Dalili hizo ni za sumu za shambani za kundi liitwalo oganofosfeti. Sumu ya namna hii huvuruga mishipa ya fahamu, hata tezi za mate, za jasho na za mapafu zikashindwa kupumzika. Mgonjwa huweza kufa kwa majimaji yaliyojaa kifuani na kwa misuli ya kupumua kulegea. Hospitali wana atropini ya kupambana nayo, lakini lazima mgonjwa afike mapema.

Kwa hiyo likitokea, usimpe maziwa. Maziwa hayazimi sumu, na mtoto aliyelegea huyapaliwa yakaingia kwenye mapafu. Usimtapishe, kwa sababu hiyo hiyo, tena dawa nyingi za namna hii huyeyushwa kwa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo yakiingia mapafuni huyaunguza. Mvue nguo zilizolowa na mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa mifuko ya nailoni mikononi, maana sumu hii hupita kwenye ngozi. Mlaze kwa ubavu, na msiendelee kuosha hadi mkachelewa. Kamata usafiri wowote, na chukua chupa, hata kama haina jina. Harufu yake na rangi yake vinaweza kumsaidia daktari.

Kuna kingine kibaya zaidi, nacho ni vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Wapo wanaoviweka chumbani kuua kunguni au panya. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi, na gesi hiyo haina dawa ya kuizima mwilini. Nyumba zetu nyingi kuta zake haziishii kwenye dari, bali hewa ya chumba kimoja hupita juu ikaingia cha pili. Ukiviweka chumbani kwako unaweza kumuua mtoto wa jirani aliyelala. Nakusihi, vidonge hivyo visivuke kizingiti chako.

Sasa tumtoeje kunguni bila chupa hiyo? Kwa joto na kwa subira. Maji yanayochemka humwua yeye na mayai yake papo hapo. Fungua kitanda, toa chaga zote nje, kila tundu na kila kiungo ukimiminie maji ya moto kutoka kwenye birika. Shuka, foronya, chandarua cha zamani na mapazia yachovye kwenye maji ya moto kabla ya kufua, kisha anika juani. Kama chandarua chako ni cha dawa, fuata maelezo yake, kwani maji ya moto huharibu dawa. Mishono ya godoro isugue kwa brashi ngumu, na ukipata pasi yenye mvuke ipitishe polepole. Kulianika godoro juani kunasaidia, ila jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kunguni huhamia upande wenye kivuli. Usisahau kalenda na picha ukutani, mikunjo ya kochi, na nyufa, ambazo ukipata saruji kidogo utaziziba.

Kisha sogeza kitanda kisiguse ukuta, na kila mguu uweke ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Maji hayo yamwage kila baada ya siku mbili, tafadhali, tusije tukafuga mbu. Dengi ilitusumbua jijini mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda vyombo vidogo kama hivyo.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu baada ya juma moja kunguni wadogo wanaonekana tena. Hao ni mayai uliyoyakosa. Katika joto letu yai huanguliwa baada ya juma moja hivi, kwa hiyo kazi yote hurudiwa kila juma, mara tatu au nne. Mimi nilirudia mara nne. Mara ya tatu mume wangu aliuliza kama nimeajiriwa na kunguni.

Kama mnapanga nyumba ya vyumba sita, kufanya peke yako ni kuwahamishia jirani, naye akupelekee tena mwezi ujao, maana kunguni mkubwa huvumilia majuma mengi bila damu. Yule mama wa Manzese alipotoka hospitali aliongea na wapangaji wenzake uani. Alidhani watamcheka. Vyumba vinne kati ya sita vilikuwa na kunguni, na kila mmoja alikuwa anaficha! Walichagua Jumamosi moja, wakachemsha maji kwenye sufuria moja kubwa, na mama mwenye nyumba akatoa mfuko wa saruji.

Mkihitaji dawa, itumike baada ya kazi hiyo, na iwe ile yenye karatasi inayosomeka: jina la kiini chake, namba ya usajili, kipimo na huduma ya kwanza. Viuatilifu hapa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Usitarajie miujiza hata hivyo. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kunguni waliokwisha kuzoea dawa za aina ya pareto zinazotiwa kwenye vyandarua. Ndiyo maana mtu hupuliza kopo zima na asubuhi akawakuta wanatembea, kisha akaenda kutafuta kilicho kikali zaidi.

Na kama leo una chupa ya namna ile ndani, usiimwage chooni wala mtaroni. Ifunge, iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu mahali penye kufuli, kisha mwulize bwana afya wa kata yako namna ya kuiteketeza.

Walioniuliza kuhusu minyoo ya watoto wanisamehe, nafasi imekwisha. Nitawajibu mwezi ujao.