Fimbo ya Zakaria



Baba mmoja wa upande wa Ruangwa ameniletea barua ya ukurasa mmoja, nayo ni barua ya mtu aliyekasirika. Binti yake asomaye sekondari Nachingwea alirudi likizo na kitabu kiitwacho Rosa Mistika. Baba akakifungua katikati, akasoma kurasa mbili tatu, kisha akakifungia sandukuni. Sasa auliza: je, akichome moto, au akipeleke shuleni na kumshitaki mwalimu aliyekitoa? Asema kwamba jina la Mama wa Mungu limetiwa katika mambo ya aibu.

Namjibu mbele yenu wote, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Mzee wangu, usikichome. Kitoe sandukuni ukisome, ila anza mwanzo. Kwa maoni yangu kitabu hicho chawahusu akina baba kuliko mabinti.

Aliyekiandika ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944. Alisoma Seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza. Basi Litania ya Bikira Maria aliijua kama sisi tuijuavyo, na jina hilo hakuliokota njiani. Kitabu kilitoka mwaka 1971, nacho ndicho hadithi yake ndefu ya kwanza. Wewe si wa kwanza kukikasirikia. Kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni, kisha kikaruhusiwa. Mwandishi mwenyewe alifariki Januari 2020, Mungu amrehemu.

Sasa habari yenyewe. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, na nyumba yake huiongoza kwa fimbo. Siku moja Rosa apata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Barua tu. Baba aiona, naye ampiga mtoto kipigo kibaya. Wengi wetu tungesema: haya, amemfunza adabu. Hata mimi nikisoma mara ya kwanza nilidhani hivyo, kwa kuwa Rosa atoka hapo akiwa binti mtulivu sana, awaogopa wavulana, hana neno na mtu. Baba gani asingefurahi?

Lakini hebu tumwangalie vizuri. Utulivu ule ulikuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya mkono wa Zakaria. Rosa hakuambiwa kwa nini jambo hili ni jema na lile ni baya. Hakuulizwa moyo wake wasemaje. Basi alipokwenda shule ya mbali, mahali ambapo mkono ule haufiki, hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Akaja mwanamume aitwaye Deogratias, akamhadaa. Toka hapo Rosa aliteleza hata alipofika chuoni Morogoro, ambako jina lake lilijulikana kwa ubaya. Kurasa ulizozisoma wewe, mzee wangu, nadhani ni za sehemu hiyo. Ndiyo maana nasema usianzie katikati. Ukianzia katikati utamwona binti mwovu, lakini ukianzia mwanzo utamwona aliyemwandaa.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtoto asirudiwe, wala Kezilahabi hasemi kwamba Rosa hana kosa. Ana akili zake na ana makosa yake. Lakini mwandishi amefanya jambo ambalo sisi wazazi hatulipendi: ameingia ndani ya moyo wa anayetawaliwa, akakaa humo. Hadithi za bibi zetu hazikai humo. Simba ana nguvu, Sungura ana hila, tunacheka, moto unazimika, tunakwenda kulala. Hakuna aliyeuliza Swala alilala vipi usiku ule.

Tena kuna huyu Charles. Baada ya miaka anarudi, anataka kumwoa Rosa. Rosa aona kwamba sasa maisha yake yatanyooka. Charles apata kujua habari zake za nyuma, amwacha. Kijana huyu hakushika fimbo wala hakupaza sauti, lakini nguvu aliyokuwa nayo juu ya moyo wa binti yule ilimpita Zakaria. Rosa ajiua. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu mambo kama haya yako hata vijijini kwetu, nasi huyafunika. Mtu wa nyumbani mwako akisema amechoka kuishi, usimkaripie wala usimwache peke yake. Kaa naye, msikilize, mpeleke zahanati, mwite na padre.

Mwingine ataniambia: huyo Zakaria ni mtu wa Ukerewe, kwao mtoto ni wa baba. Kwetu Wamwera ni vingine. Kweli. Kwetu, na kwa jirani zetu Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo hufuata mama, na tangu kale mwenye neno kubwa juu ya mtoto ni mjomba. Siku hizi baba naye adai neno lake, kwa kuwa ndiye aliyelipa sare na daftari. Basi hapa kwetu fimbo imeshikwa na watu wawili. Msimu wa korosho au ufuta ukifika na fedha zikaonekana, baba na mjomba wabishana: nani ampeleke binti shule, nani aseme aolewe, nani apokee mahari. Binti akaa jikoni ayasikia yote kupitia ukutani. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo. Sikumbuki hata kimoja ambapo aliitwa akaulizwa, naye mama yake mara nyingi huitwa kuleta maji ya kunywa tu.

Kwa habari ya wajomba, kiko kitabu kingine. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, ndiye aliyepata Nishani ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Yeye huandika Kiingereza, lakini kitabu chake cha mwaka 1994 kimefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, kikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Humo mna mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf. Nyumbani kwao huja mgeni, tajiri Aziz, mtu mpole anukiaye manukato, na akiondoka humpa mtoto sarafu. Yusuf amwita kwa jina la heshima la ndugu wa mzazi. Siku moja aambiwa atasafiri naye kwa gari la moshi. Afurahi. Afika pwani, awekwa dukani, na huko kijana Khalil, mwenye mkasa kama wake, amwambia ukweli: huyo si ndugu yako, ni bwana wako. Baba yako ana deni kwake, na wewe umewekwa rehani.

Aziz hapigi watu wala hatukani. Mimi namwogopa kuliko Zakaria. Zakaria akija, mtoto ajua akimbilie wapi, lakini mtu apigaye kwa upole na heshima utamkimbiaje? Nanyi mnajua kwamba hadithi hii haiko mbali nasi. Ni mabinti wangapi wa Nachingwea na Ruangwa waliopandishwa basi kwenda Dar es Salaam kwa "mama mdogo" ambaye hana undugu nao hata kidogo? Mzazi apokea fedha kidogo na ahadi ya cherehani. Mtoto afika, apewa mtoto wa mwenyewe ambebe, apewa vyombo aoshe, na simu ya nyumbani haipigwi. Akija Krismasi, tunatazama nguo yake mpya na kusema amependeza.

Yusuf akua katika nyumba ile ya tajiri, awa kijana mzuri ambaye kila mtu ataka kummiliki. Mwishoni waja askari wa Wadachi wakikamata watu kwa ajili ya vita. Yeye amejificha, salama. Safu yao ikiisha kupita, Yusuf atoka alipojificha na kuwakimbilia. Kitabu chaishia hapo, kijana akikimbia kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine.

Mzee wangu, ukimaliza kile cha sandukuni, mwombe binti yako akutafutie na hiki.