Mtoto anayenyamaza si lazima awe na kiburi

Wazazi wengi wanalalamika: huyu binti yangu amekuwa na kiburi, hasemi, hasalimii watu, anajifungia. Kuna kitabu cha Marekani ambacho ningependa wasimuliwe. Kinaitwa Speak, kiliandikwa na Laurie Halse Anderson mwaka 1999, na kimetafsiriwa kwa Kifaransa pia.

Melinda anaanza masomo ya sekondari akiwa hana rafiki. Wenzake wanamchukia kwa sababu wakati wa likizo aliita polisi kwenye karamu ya vijana. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Ukweli ni kwamba usiku ule mwanafunzi mkubwa alimbaka, na polisi walipopokea simu, sauti haikumtoka. Tangu hapo anasema kidogo, halafu karibu anaacha kabisa. Wazazi wanamwachia vikaratasi jikoni. Maksi zinashuka, shule inamwona mkaidi.

Anayemsaidia ni mwalimu wa kuchora. Hamhoji. Anampa kazi ya mwaka mzima, kuchora mti, na anamwambia akitaka kuongea atamsikiliza. Basi. Na siri yenyewe Melinda anaitoa kwanza kwa kalamu: anamwandikia rafiki wa zamani ambaye ameanza kupendana na kijana yuleyule. Rafiki huyo anakasirika, anamwita mwongo.

Huku kwetu msichana akibakwa akienda kutafuta kuni, anaulizwa: ulikuwa unafuata nini kule? Swali hilo peke yake linatosha kumfunga mdomo.

Lakini sikubaliani pia na wanaosema, mwacheni, ataongea siku moja. Melinda alikaa karibu mwaka mzima. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla ya masaa 72, na za kuzuia mimba kabla ya masaa 120. Kwa hiyo mama, shangazi, mkiwa mnachagua maharagwe naye, mwambie mapema, hata kama hakuna lililotokea: ukipatwa na jambo lolote, sitakutukana, sitakufukuza. Likitokea, msindikize kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kusema, aandike. Muuguzi anahitaji kujua ni nini kilitokea na lini. Majirani hawahitaji kujua lolote.

Na wavulana je? Kitabu hiki ni cha msichana, lakini nao wanabakwa, na kwao aibu inafunga mdomo zaidi. Maneno yaleyale ya wakati wa maharagwe, waambieni nao.