Kabla ya kumlipa fundi, jua kompyuta yako inaugua wapi

Kompyuta ya mezani ikikataa kuwaka, wengi wetu tunafanya kitu kimoja: tunaibeba kwa boda, tunamwachia fundi. Fundi akisema, "Boss, madabodi imekufa," tunaanza kutafuta doo. Hatuulizi amejuaje.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo kwa sababu ya karo, na kompyuta yangu ya mitumba ndiyo ilikuwa ofisi. Asubuhi moja nikaiwasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi ti! Fundi akaniambia madabodi imeenda, nikamlipa Sh6,000 nilizokopa kwa mama. Mashine ilirudi ikiwaka, lakini diski ilikuwa imefomatiwa. Kazi za wateja, picha za marehemu babu, vyote vilikuwa vimefutwa.

Miezi michache baadaye, dada anayesimamia saiba ya mtaani kwetu alipata mashine yenye dalili zizo hizo. Akachomoa waya ya stima, akatoa RAM, akasugua meno yake polepole kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha. Ikawaka.

Sisemi yangu ilikuwa na shida hiyo. Siwezi kujua, na hilo ndilo linaniuma: sikuuliza, wala sikuona ikipimwa.

Ndiyo maana nasema kijana anayetafuta riziki kwa kompyuta hana budi kujua dalili tatu. Si lazima awe fundi.

Ya kwanza: haionyeshi uhai wowote. Hakuna taa, hakuna feni. Hapo anza na stima. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Badilisha waya. Angalia swichi ndogo iliyo nyuma ya kasha. Kuna watu wameilipia "matengenezo" na ilikuwa imezimwa tu. Hayo yote yakiwa sawa, mshukiwa mkuu ni pawa saplai, hasa kama stima ilipotea na kurudi kwa kishindo.

Ya pili: feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi. Hakikisha monita ina stima na waya yake imeshika pande zote mbili. Kisha jaribu RAM. Zima, chomoa waya ya stima, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili stima iliyobaki iishe, halafu gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Ukisikia mlio wa "pip, pip", hesabu. Huo ni ujumbe, na maana yake hutegemea aliyeitengeneza mashine.

Ya tatu: maandishi yanatokea, lakini yanasema haioni diski ya kuwashia. Kwanza toa flashi uliyoisahau. Kisha ingia BIOS uone kama diski inatambulika. Kama saa na tarehe pia zimerudi nyuma miaka, huenda ni ile betri ya duara, CR2032, imeisha. Ikiisha, mipangilio ya BIOS inaweza kupotea, na mashine isijue ianzie wapi.

Lakini mipaka iko. Usifungue pawa saplai hata kama umechomoa waya. Ndani yake stima hubaki na inaweza kukuumiza vibaya. Na diski ikianza kulia "tik, tik", usiendelee kuilazimisha. Tafuta mtu wa kuokoa faili zako kwanza.

Sasa kwenu mafundi. Wengi wenu ni vijana kama sisi, na mnajua kazi. Ila mteja ana haki tatu: apimiwe mashine mbele yake, arudishiwe kifaa kilichotolewa, na diski yake isifomatiwe bila yeye kukubali. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki akiulizwa swali. Anayekasirika, beba kompyuta yako uende.

Shuleni tulikariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia data, tukapata alama. Hakuna aliyetufungulia kasha tuone ndani. Hasara ya ujinga huo tunailipa sisi, tena kwa pesa za kukopa.

Kwa hivyo wikendi hii, hata kama kompyuta yako ni nzima, fanya mambo mawili. Weka nakala ya faili zako mahali pengine. Kisha chomoa stima, fungua kasha, na ujifunze RAM iko wapi na diski iko wapi. Siku fundi atakapokwambia madabodi imekufa, utakuwa na neno la kumjibu: "Nionyeshe."