Sinema Njema Haikujiuza Korea

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ukiyatazama mambo ya sinema huko Korea ya Kusini, utaona methali hiyo yataka nyongeza.

Februari 2020, filamu "Parasite" ya Bong Joon-ho ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Wengi walidhani ni bahati. La, ndugu msomaji! Mbegu ilipandwa zamani, na miongoni mwa walioipanda walikuwamo watazamaji wa kawaida.

Miaka ya 1970, chini ya utawala wa Park Chung-hee, mkasi wa wakaguzi haukuwa na huruma. Vijana wa Seoul waliotamani filamu za maana walikimbilia vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani. Baadaye wanafunzi waliunda vyama vyao, wakapitishiana kanda za vidio zilizonakiliwa, wakatazama na kujadiliana. Bong mwenyewe alikuwa katika chama cha namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 1995 likazaliwa jarida "Kino". Septemba 1996 tamasha la Busan lilifunguliwa, likavuta watazamaji zaidi ya 180,000. Mwezi uliofuata Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa kukagua filamu kabla haijaonyeshwa ni kinyume cha katiba. Katika miaka hiyo Wakorea waliipenda filamu ya Mwirani Abbas Kiarostami, kisa cha mtoto anayetafuta nyumba ya mwenzake ili amrudishie daftari. Haina bunduki wala mahaba. Ina utu, na utu ukawatosha.

Hata hivyo, kilichojengwa kwa taabu chaweza kubomolewa kwa siku moja. Mwaka 2014 tamasha la Busan lilionyesha filamu juu ya kuzama kwa meli ya Sewol, msiba uliowaua watu zaidi ya 300, wengi wao wanafunzi. Meya alikuwa ametaka isionyeshwe. Mwaka uliofuata ruzuku ya serikali ikapunguzwa, na mwaka 2016 vyama vya watengenezaji filamu vikatangaza kulisusia tamasha.

Basi funzo ni hili: watazamaji wenye macho hawaoti kama uyoga. Hulelewa, na wakisha kulelewa sharti walindwe. Chema chajiuza, naam, lakini pale tu penye mnunuzi anayekijua.