Mgongo Wazi na Somo Lililosomwa Nusu

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayetaka kuupima ukweli wa kauli hiyo na afike Obunga, mtaa wa mabanda katika jiji la Kisumu, jioni moto unapokolea chini ya makarai. Hapo hukaangwa mgongo wazi: mbuta aliyekwisha kuchunwa minofu, akabakia kichwa, uti, mkia na nyama haba iliyokataa kuachana na mwiba. Hicho ndicho kitoweo cha kaya nyingi za mtaa huo na mitaa jirani, kikisindikizwa na ugali pamoja na mnavu au mgagani.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya mlo. Ni jina la sokoni, tena lililokita mizizi katikati ya wasemaji wa Dholuo. Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili cha Kisumu ni cha kuazima tu. Jina hili latosha kuwajibu. Humtaja samaki aliyevuliwa nyama ya mgongoni, na papo hapo humkumbusha msikilizaji mtu aliyechanikiwa shati. Mlaji na mliwa wamekutana katika jina moja. Kule Mwanza, ng'ambo ya kusini ya ziwa hilohilo, masalia hayo huitwa mapanki, na filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004 ilipoyaonyesha kwa ulimwengu, ikazuka hamaki kubwa nchini Tanzania mwaka 2006.

Ikumbukwe kwamba mbuta, au sangara kama aitwavyo na Watanzania, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala wenyeji, na kufikia miaka ya 1980 akawa ametamalaki. Viwanda vya kuchuna minofu vikafuata. Tangu hapo samaki mmoja amekuwa akigawanywa kana kwamba ni urithi: minofu husafirishwa Ulaya na kwingineko, mabondo yakaenda Mashariki ya Mbali yanakouzwa kwa bei ya kutisha, na mifupa ikaenda Obunga.

Si nadra basi kusikia mimbarini, na hata kusoma katika insha za wanafunzi, mgongo wazi ukitolewa kuwa mfano wa kuridhika. Husemwa kwamba maskini hushukuru kwa mfupa ilhali tajiri hunung'unika juu ya mnofu. Kwamba Mungu hamtupi mja wake. Kwamba subira huvuta heri. Somo hili si la uongo. Mama anayekaanga Obunga huamka alfajiri, pengine akiwa na fedha alizokopa kwenye chama, akaenda kutafuta mifupa bila kujua kama ziwa limetoa kitu usiku ule. Akiipata, huipara magamba, huikatakata, huitia chumvi, kisha husimama mbele ya mafuta yachemkayo na moshi uumizao macho. Kazi yote hiyo huifanya kabla ya kuuza kipande kimoja. Huyo ameamini riziki ambayo hajaiona. Methali mbili ambazo darasani hufundishwa kama zinazopingana, yaani ‘Jitihada haiondoi kudura' na ‘Ajizi nyumba ya njaa', kwake hazipingani hata kidogo. Yeye huishi katikati ya hizo mbili, tena kila siku. Mtume Muhammad alipomwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, alikuwa akisema jambo ambalo mama huyu hulitenda kwa karai na kuni.

Tatizo ni kwamba somo husomwa nusu. Sifa ya kuridhika hutamkwa mara nyingi na yule aliyekwisha kula mnofu, na ikitoka katika kinywa chake huwa si mawaidha tena bali ni kufuli. Hapana shaka imani humsaidia mtu kuivumilia dhiki, lakini pasi na kuuliza ilikotoka dhiki hiyo, imani hiyo humfaa zaidi aliyeisababisha. Katika Injili ya Mathayo kuna habari ya mwanamke Mkanaani aliyezungumza na Yesu kuhusu makombo yaangukayo mezani. Wahubiri hupenda kuusifu unyenyekevu wake, wakasahau kwamba mwanamke yule alibishana. Alikataliwa, akajibu hoja kwa hoja, wala hakurudi nyumbani mikono mitupu, na ni baada ya ubishi huo imani yake ilipoitwa kubwa. Ni ajabu kwamba habari ya mjadala imegeuzwa kuwa habari ya kunyamaza.

Swali la mgongo wazi ni swali la ziwa. Kiwanda kisipochuna minofu, mifupa haitoki. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu, zuio hilo lilimhusu pia mkazi wa Obunga ambaye hakuwahi kuuonja mnofu wa kuuzwa Ulaya. Chungu chake kilikuwa kimefungamanishwa na hamu ya mlaji asiyemjua. Tangu siku hizo mavuno ya mbuta yamepungua, viwanda vimepungua navyo, na mifupa ileile sasa inawaniwa na wasagaji wa chakula cha mifugo. Yaani maskini ashindana na kuku, na kuku ana mwenye fedha nyuma yake. Ufuoni omena naye yumo katika mashindano hayohayo, na samaki walioganda kutoka China wameingia masoko ya Kisumu, mji uliojengwa kando ya maji yenye samaki. Mbele ya mambo hayo, kumwambia mama wa Obunga aridhike ni kumwambia aridhike na nini?

Wanafunzi wa Kiswahili wanaozisaka taswira za dhiki katika diwani za mbali wangefanya vyema kupanda matatu ya Kondele na kushuka karibu na Obunga magharibi inapoingia. Bei haibandikwi popote. Mteja huokota kipande, hukigeuza mwangani, hutazama palipobakia nyama, ndipo mapatano yaanze. Mwenye watoto wengi huomba kichwa, kwa kuwa kisu cha kiwandani hakifiki mashavuni.